Usiuze saa ya shosh kwa gramu

Kila nikiposti saa, lazima msee mmoja atokee kwa komenti aulize, "Dhahabu na Majengo, wapi na wapi?" Anamalizia na emoji tano za kucheka. Wengine wananishauri nivuke niende Karen ama Runda, ati huko ndiko kuna watu wa hizi vitu. Sawa. Leo najibu mara moja, najibu vizuri, ndio mtu akiuliza tena nimtumie tu hii.

Dhahabu iko Majengo. Iko ndani ya mkebe wa Kimbo chini ya kitanda, iko kwa pembe ya leso iliyofungwa fundo, iko kwa sanduku la mbao linalonukia udi. Na sehemu ya hiyo dhahabu ni saa: saa za mkono za zamani, nyembamba, za kutia ufunguo, zile za kuvaliwa harusini na siku ya Idd. Na karibu zote si za babu. Ni za shosh. Nyanya, bibi, ita unavyoita kwenu.

Ukifikiria kidogo utaona kwa nini. Majengo imekuwa na Waislamu wengi tangu Pumwani ianzishwe miaka ya mwanzo ya 1920, na mafundisho ambayo wengi wao wanayafuata yanasema dhahabu ni halali kwa mwanamke na haramu kwa mwanaume. (Ukitaka kubishana kuhusu saa iliyopakwa dhahabu juu juu tu, tafuta ustadh, usinitafute mimi.) Kwa hivyo babu alivaa Seiko 5 ya chuma, ama Oris kama mambo yake yalikuwa sawa. Dhahabu ilibaki kwa wanawake. Ndiyo maana ukiingia mtaa wetu na macho ya mkusanyaji wa kawaida, anayetafuta saa kubwa ya mwanaume, utatoka ukisema hakuna kitu. Ulikuwa unaangalia mkono usio wake.

Saa za aina hii mimi naziita saa za mtoko. Ni saa ambayo haikuundwa kuogelea, haikuundwa kupima mbio, haiwaki gizani, mara nyingi haina hata tarehe. Kazi yake ni kukaa chini ya mkono wa shati, ama kando ya bangili, na kusema pole pole kwamba mwenye mkono amejipanga. Maarufu zaidi ni Calatrava ya Patek Philippe, iliyotoka mwaka 1932, na watu wazima wenye suti hupandishiana bei juu yake kwa minada ya Geneva. Saa za wanawake za miaka hiyo hiyo, dhahabu hiyo hiyo, mafundi hao hao wa Uswisi, hazipigiwi hata nusu ya hizo kelele.

Na hapo ndipo mimi huona watu wana vituko, juu saa ya mkono ilianza kwa mwanamke. Mwaka 1810 fundi Breguet wa Paris aliagizwa saa ya kuvaa mkononi na malkia wa Naples. Mwaka 1868 Patek walitengeneza moja ya dhahabu, mwenye kuivaa akawa mke wa kabaila wa Hungaria. Wakati huo wote wanaume walikuwa na saa za mfukoni na minyororo, na mwanaume kufunga saa mkononi ilionekana ni kujipamba kama dada yake. Kilichowabadilisha ni Vita vya Kwanza vya Dunia. Ukiwa kwa handaki na bunduki huwezi kuanza kupapasa mfuko utafute saa. Wanajeshi wakafunga saa mkononi, wakarudi nyumbani nazo, na mwanaume akajifanya ameivumbua.

Vita hivyo hivyo, huku kwetu, wanaume wa Afrika Mashariki walibebeshwa mizigo ya jeshi la Mwingereza kwa kile kikosi cha Carrier Corps, na makumi ya maelfu hawakurudi. Jina lao tunalo hadi leo, tunalitaja kila siku tukishuka mathree: Kariokor, dakika chache kutoka hapa. Mzungu alitoka vitani na saa ya mkono, sisi tukatoka na jina la steji.

Turudi kwa shosh. Alipata wapi doo ya dhahabu?

Hii sehemu watu huiruka, hasa wale wanaopenda kuongea kuhusu Majengo kana kwamba ni mtaa wa aibu. Kuna mwanahistoria anaitwa Luise White, alitoa kitabu mwaka 1990 kuhusu wanawake wa Nairobi ya ukoloni, na Pumwani imejaa humo. Wanawake walikuja mjini peke yao, wakatafuta pesa zao wenyewe. Wengine waliuza mwili, hilo halifichwi. Wengine walipangisha vyumba, walipika, walifanya hii na ile pamoja. Na wengi wao wakawa wenye nyumba hapa hapa, wakati ambapo mwanamke Mwafrika kumiliki kitu kwa jina lake ilikuwa karibu miujiza. Hawakuwa na benki ya kuwafungulia mlango. Walikuwa na sonara.

Na dhahabu ilikuwa bei ya kushikika. Kuanzia 1934 hadi 1971 bei rasmi duniani ilikuwa dola 35 kwa aunsi. Haikuwa inapanda na kushuka kama leo. Mwanamke mwenye vyumba viwili vya kupangisha angeweza kupiga hesabu, akajinyima miezi kadhaa, akaenda mjini akarudi na kitu kizuri.

Nyanya yangu alifanya hivyo. Vyumba viwili alivirithi kwa mamake, na mwaka 1963, Desemba, wiki ya uhuru, alienda kwa duka la Mhindi mjini akanunua saa ndogo ya dhahabu, uso wake ni kama kucha ya kidole gumba. Hakununuliwa na mwanaume. Anapenda kusisitiza hapo: "Sikununuliwa. Nilinunua." Sijui ni mara ngapi nimesikia hiyo sentensi. Kwangu ndiyo inafanya hiyo saa iwe adimu. Mashine yake si ya ajabu, kulikuwa na nyingi za aina yake. Lakini mwanamke Mwafrika, Pumwani, 1963, pesa yake, mkono wake, na saa bado inatembea na mwenyewe bado yuko? Nitafutie nyingine Geneva.

Mwaka jana niliipeleka kwa duka moja la dhahabu niulize tu wangesema nini. Sikuwa nauza. Jamaa wa kaunta akaiangalia, akaangalia simu yake, akaniambia, "Hii imeharibika. Imekosea masaa sita." Nilicheka hadi nikatoka nje. Nyanya hajawahi kuweka saa yake kizungu. Jua likitua, mishale inasimama kwa kumi na mbili. Saa moja usiku ni moja, si saba. Sisi sote hapa tunaongea Kiswahili na kusoma kizungu, tunaona 7 kwa uso wa saa mdomo unasema moja, hadi tumezoea hatuoni tena kichekesho chake. Yeye alikataa huo mzigo. Nilipomwambia maneno ya yule jamaa hakuinua hata kichwa, alikuwa anachambua mchele. "Mwambie simu yake ndiyo imekosea."

Sasa tuongee pesa, juu najua ndiyo mnangoja.

Jirani yetu anauza nguo za watoto Gikomba, kamera tupu, si ile ya kumwaga chini. Mnajua Gikomba na moto. Moto wa Juni 2018 uliua watu 15, na mingine mingi imekuja kabla na baada, midogo na mikubwa, hadi mtu akisikia king'ora usiku anajua tu ni wapi. Kibanda chake kiliungua na bale mbili mpya ndani. Asubuhi yake alifanya kile ambacho kila mwanamke wa hapa amefundishwa afanye: akafungua leso. Bangili mbili za mamake na saa ya mamake. Akaenda nazo mjini, akarudi na doo ya kuanza upya.

Kwa bangili sina neno. Kwa saa ninalo. Duka lilimpa elfu nane. Mimi nilikuwa nimeipiga picha hiyo saa wiki mbili mbele, na ndani ya mfuniko wa nyuma ilikuwa na chapa 750. Hiyo ni karati 18, maanake katika kila gramu 1,000, gramu 750 ni dhahabu safi. Fundi alikuwa ameipima mbele yangu bila mashine na bila glasi: gramu tano. Chukua kalkuleta. Robo tatu ya gramu tano ni 3.75. Wakati huo, mwaka 2025, bei ilikuwa imevuka dola 4,000 kwa aunsi, na aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1, kwa hivyo gramu moja ni dola 128 na kitu. Zidisha, halafu geuza kwa shilingi 129 ya dola. Unapata karibu elfu 62. Najua duka lazima likate faida yake, likate ya kuyeyusha, likate ya hofu kwamba hiyo kitu imeibiwa. Kata unavyotaka. Huwezi kukata ukafika elfu nane na ukaita hiyo biashara.

Alipewa elfu nane juu alisimama kwa kaunta kama mtu asiyejua alichoshika. Kwa hivyo, kabla ya mengine yote, jua ulichoshika. Enda leo kwa fundi wa saa, yule wa kisanduku cha glasi na lenzi kwa jicho, mwambie akufungulie mfuniko, mlipe soo yake. Usifungue mwenyewe na kisu cha ugali. Ndani utafute namba. 750 ni karati 18. 585 ni karati 14. 375 ni karati 9, na hizo ziko nyingi huku juu tulikuwa koloni la Mwingereza na Mwingereza alipenda sana karati 9. Duka linaweza kukuambia karati 9 si dhahabu, juu wao wamezoea bangili za Dubai za 21 na 22. Ni dhahabu. Ni zaidi kidogo ya theluthi moja, lakini ni dhahabu, na inalipiwa hivyo. Saa za Uswisi za kabla ya 1995 zinaweza kuwa na picha ndogo sana, kichwa cha mwanamke kwa karati 18, kindi kwa karati 14. Ukikuta kindi ndani ya saa ya shosh, nitumie picha haraka, mimi hupenda hako kanyama.

Ukikuta imeandikwa "Stainless Steel Back", ama "Plaqué Or" na namba ya mikroni, mara nyingi 10 ama 20, basi hiyo imepakwa dhahabu kwa juu. Usikasirike, usimtusi shosh. Saa bado ni saa. Na yale maneno "17 Jewels" yanayofanya watu waruke? Hayahusiani na dhahabu kabisa. Ni vijiwe vya rubi vya kutengenezwa kiwandani, viko ndani ya mashine ili vyuma visisagane. Ukivitoa vyote 17 huwezi kununua smokie.

Nimesema kwa bangili sina neno, wacha nieleze, juu kuna mtu tayari anaandika kwa komenti ati watu wanalala njaa na mimi naongelea saa. Namheshimu huyo mtu, anaongea ukweli. Dhahabu ya wanawake wetu ilinunuliwa iuzwe. Hiyo ndiyo ilikuwa mpango tangu mwanzo: nyumba ikiungua, mtoto akifukuzwa shule, mume akiingia mitini, unafungua fundo. Bangili ukiiyeyusha haipotezi kitu. Gramu zake ni zile zile, kesho sonara atakutengenezea nyingine ukiwa na doo, na itakuwa bangili kamili. Bangili ni pesa iliyokunjwa duara.

Saa haiko hivyo. Ukiiyeyusha, kwanza mashine inang'olewa na kutupwa, ile mashine iliyokaa miaka sitini ikipiga. Uso unatupwa. Mishale inatupwa. Kama kulikuwa na jina nyuma, jina linayeyuka. Unabaki na tone la dhahabu lisilojua lilikuwa nini. Na hakuna sonara dunia hii atakurudishia. Kwa hivyo kama ni lazima, anza na bangili. Kipini. Hereni. Saa iwe ya mwisho kabisa, na hata ikifika hapo, iuze kama saa nzima, kwa mtu anayenunua saa, si kwa mizani.

Hii si hofu ya kichwani mwangu, imeshatokea dunia nzima. Desemba 25, 1969, Seiko walitoa Astron, saa ya kwanza ya mkono ya kwatsi kuuzwa dukani, na cheki, ilikuwa ya dhahabu, yen 450,000. Baada ya hapo saa za betri zikawa rahisi kila mwaka, sahihi kuliko za ufunguo, na watu wakaanza kuona saa za zamani ni takataka. Viwanda vya Uswisi vikafungwa, maelfu kwa maelfu ya mafundi wakarudi nyumbani. Halafu Januari 1980 dhahabu ikapanda hadi dola 850. Piga hiyo picha: una saa ambayo hakuna anayeitaka kama saa, na dhahabu yake haijawahi kuwa ghali hivyo. Zikaenda motoni. Na zilizotangulia zilikuwa za wanawake, kwa sababu ni ndogo, hazina soko la mnadani, na uzito wa dhahabu ulikuwa unazidi bei ya saa yenyewe. Hadi leo ndivyo ilivyo. Na leo dhahabu si 850, ni zaidi ya mara nne ya hiyo. Nikisema saa za shosh zinaisha, hiyo ndiyo hesabu ninayoiona.

Na udogo ambao watu wanaudharau ndio ulikuwa kazi ngumu. Mwaka 1929 Jaeger-LeCoultre walitengeneza mashine ya kutia ufunguo inayoitwa 101, uzito wake ni kama gramu moja tu, ya saa za kike. Elizabeth aliivaa siku ya kutawazwa kwake Uingereza, Juni 1953. Ni huyo huyo aliyepanda Treetops kule Nyeri mwaka mmoja kabla akiwa binti wa mfalme, na akashuka akiwa malkia. Kuunda mashine kubwa kila mtu anaweza. Jaribu kuweka vyuma karibu mia ndani ya kitu kidogo kuliko punje ya mahindi, halafu ukiambie kitembee.

Sasa swali la kweli: thamani inatoka wapi, kama si gramu?

Angalia Oman. Sultan Qaboos aliingia madarakani mwaka 1970, na miaka ile alikuwa akiagiza saa za Rolex kupitia duka la Asprey la London, zikiwa na jambia la Oman kwa uso, zingine na sahihi yake. Aliwapa watu kama zawadi. Leo Rolex ile ile, mwaka ule ule, chuma ama dhahabu ile ile, ikiwa na hilo jambia bei yake mnadani ni mara kadhaa ya isiyo nalo. Kilichoongezeka ni rangi kidogo kwa uso wa saa. Gramu hazijabadilika. Wanunuzi wanalipia hadithi: nani alimpa nani, lini, kwa nini. Sasa niambie kwa nini hadithi ya sultani iwe na bei na ya mwenye nyumba wa Pumwani isiwe nayo. Jibu langu ni moja. Ya sultani iliandikwa kwa uso wa saa. Ya shosh iko kwa kichwa cha shosh, na haijaandikwa popote.

Kwa hivyo sisi tunaandika. Tuko wanne, mbogi ndogo tu, manzi watatu na boy mmoja anayejua kamera. Tunakusanya saa za dhahabu za Majengo bila kununua hata moja. Najua inasikika kama utani. Saa inabaki kwa mwenyewe, kwa leso yake, kwa mkebe wake. Sisi tunaenda, tunasalimia, tunakunywa chai (lazima unywe, usiende na haraka zako), halafu tunapiga picha ya uso, ya mfuniko nje na ndani, ya mashine fundi akifungua. Tunapima. Tunarekodi mwenyewe akisema alinunua lini, kwa nani, na pesa ya nini. Tunamwandikia karatasi moja, karati ngapi, gramu ngapi, na hesabu ya siku hiyo, akae nayo. Siku akienda dukani na hiyo karatasi, ile bei ya elfu nane haitasemwa mbele yake.

Picha za mlango hatupigi, majina hatuweki mtandaoni, na hatusemi nyumba ni gani. Majengo ni nyumbani lakini sisi si wajinga.

Vitu viwili vidogo mtu akitaka kuanza hivi mtaani kwao. Usisugue saa ing'ae. Kusugua kunakula chapa na kunalainisha kona, na mkusanyaji wa kweli akiona kona zimeyeyuka anashusha bei papo hapo. Na usikubali fundi apake uso rangi mpya ati iwe safi. Uso wa zamani wenye madoa ni bora kuliko uso mpya wa uongo. Madoa ni sawa. Madoa ni umri.

Kuna wale wataniambia saa ndogo ni za kishamba, wao wanataka ile kubwa ya kung'aa. Naziona kila Jumamosi, Rolex za ngiri na mia tano, dhahabu ikibanduka kwa mwezi wa pili na kuacha kijani kwa mkono. Siwezi kumchukia mtu kwa kutaka kuonekana ameomoka, sisi sote tunataka. Lakini Juni 2024, wakati wa maandamano ya Mswada wa Fedha, si tulikuwa tunavuta picha za viongozi karibu, tunatafuta saa ya mkononi, tunauliza bei? Tulijua vizuri sana kusoma saa kama ushahidi. Tulisoma za wakubwa, tukaona kodi yetu. Naomba usome na ya shosh hivyo hivyo, uone kodi ya vyumba viwili. Na kama shida yako ni staili, Tyler, the Creator anajulikana kwa kukusanya Cartier za zamani, ndogo, za dhahabu. Huyo ana doo ya kununua sahani ya saa ukubwa wa sufuria, na amechagua ndogo.

Hadi sasa tumeandika saa saba. Tatu ni karati 9, mbili karati 18, moja ya kindi, na moja imepakwa tu, lakini mwenyewe alitupa hadithi ndefu kuliko zote, tukajaza simu mbili. Ya nane iko kwa fundi karibu na Gikomba, springi ilikatika tangu miaka ya 1980 na hakuna aliyeigusa. Mwenyewe ana miaka 84. Anasema ikipona ataivaa Idd, na kwamba fundi asijaribu kuiweka kizungu. Fundi ameitisha elfu mbili na mia tano, amepata springi kutoka kwa saa nyingine iliyokufa. Tumechanga elfu moja na mia nane. Hiyo ingine tunaitafuta kabla ya Ijumaa.